Mikia ya maneno ya Kiingereza: uifuate hadi Roma, uipatanishe na Kiswahili, au uijazie daftari?

Kila Januari, shule zikifunguliwa, wazazi wa hapa Dodoma huniletea swali moja. Mtoto amesoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, sasa yuko kidato cha kwanza, na biolojia imemkabidhi tabia saba za viumbe hai: "nutrition, respiration, excretion, growth, reproduction, movement, irritability". Anazikariri bila kukosea. Ukimuuliza zina maana gani, anaangalia chini. "Mwalimu," mzazi ananiambia, "huyu nimwanzishie wapi?"

Itazame orodha hiyo. Maneno manne yanaishia na -tion, moja na -ment, moja na -ity. Ni "growth" peke yake lenye mkia wa Kiingereza chenyewe. Sita kati ya saba yamevaa viambishi tamati vya Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Mzigo wa mtoto, basi, ni mikia mitatu asiyoijua, na mikia hiyohiyo itamfuata kwenye jiografia na historia, mpaka karatasi ya mtihani wa kidato cha nne. Watu wazima wanao mzigo huohuo. Nimewahi kukaa na karani wa ofisi moja kule Mtumba ambaye huandika barua nzuri kabisa, ila akifika kwenye "responsible" kalamu inasimama: ni -able au -ible?

Kuna njia tatu ambazo nimeziona zikifanya kazi. Ya kwanza inaufuata mkia hadi ulikotoka, Kilatini. Ya pili inautafutia mwenzake ndani ya Kiswahili. Ya tatu inakusanya koo za maneno kwenye daftari, bila kujali asili. Watu hukwama kwa sababu kila mwalimu husifu njia yake.

Nitazipima kwa mambo yaleyale. Kwanza maana: ukikutana na neno geni, njia hii inakusaidia kulikisia? Pili, tahajia na matamshi: unaliandika na kulitamka sawasawa? Tatu, gharama ya muda na pesa. Nne, mtego: njia inadanganya wapi? Halafu nitasema inamfaa nani. Sitatoa alama kwa mia, kwa kuwa anayeumwa jino na anayeumwa tumbo hawaandikiwi dawa moja.

NJIA YA KWANZA: KUUFUATA MKIA HADI ROMA

Kilatini kiliingia Kiingereza kwa milango kadhaa. Mlango mkubwa ulifunguka mwaka 1066, Wanormani kutoka Ufaransa walipoiteka Uingereza. Mahakama na utawala vikaendeshwa kwa Kifaransa, ambacho ni mtoto wa Kilatini. Baadaye, hasa miaka ya 1500 na 1600, wasomi wa Kiingereza wakachota maneno moja kwa moja kutoka vitabu vya Kilatini, kama sisi tulivyochota kitabu, katibu na maktaba kutoka Kiarabu.

Maana. Hapa ndipo njia hii inapong'aa, na nakiri kwamba mimi mwenyewe ndipo ninapopapenda. Chukua mkia -tor, ambao Kilatini kiliutumia kwa mtenda jambo. "Tractor" linatokana na kitenzi trahere, kuvuta. Kwa hiyo trekta linalolima mashamba ya Kongwa ni mvutaji, basi. "Doctor" linatokana na docere, kufundisha. Daktari wa kwanza alikuwa mwalimu, na ndiyo maana mwenye shahada ya uzamivu anaitwa daktari hata kama hajawahi kushika sindano.

Mkia -ary unatokana na -arius, mtu au kitu kinachohusika na jambo fulani. "Secretary" ni mtu wa siri, mtunza siri za bwana wake. Sisi tukamwita katibu, kwa Kiarabu mwandishi. Kazi moja, lakini Kilatini kilitazama mdomo unaofungwa, Kiarabu kikatazama mkono unaoandika. Mkia -ate unatokana na -atus, aliyefanyiwa jambo. "Candidate" ni candidatus, aliyevaa nguo nyeupe, kwa sababu Mrumi aliyegombea cheo alivaa vazi lililong'arishwa kuwa jeupe. Wanafunzi wangu wanapoingia chumba cha mtihani na mashati yao meupe, huku karatasi ikiwaita hivyo, nawaambia jina limewakaa.

Na mkia -al ni -alis, cha jambo fulani. "Capital" ni cha kichwa, kutoka caput. Dodoma iliamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na sheria ikalithibitisha hilo mwaka 2018: mji wa kichwa cha nchi.

Kuna neno moja linalofundishwa vizuri kuliko mahali popote hapa kwetu. "Erosion" limejengwa juu ya rodere, kutafuna kwa meno; ndiko lilikotoka pia "rodent", jamii ya panya. Aliyeyaona makorongo ya Kondoa, yale yaliyoanzishiwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973 na kufanya mifugo iondolewe mwaka 1979, anaelewa papo hapo. Ardhi ile ilitafunwa. Mtoto wa Kondoa akishaambiwa hivyo, neno halisahau tena.

Tena Kilatini hakiko mbali kama tunavyodhani. Bibi mmoja Mkatoliki, jirani yangu, alinihakikishia kwamba hajui neno hata moja la Kilatini. Nikamwambia, "Shikamoo bibi, lakini kila Jumapili unakisema." Misa na misheni yote yanatokana na mittere, kutuma. Komunyo ni communio, kushiriki pamoja. Rozari ni rosarium, bustani ya waridi. Seminari ni seminarium, kitalu cha miche. Sakramenti ni sacramentum, ambalo kwa askari wa Kirumi lilikuwa kiapo cha utii, na -mentum yake ndiyo -ment ya "movement" kwenye biolojia ya mjukuu wake. Alicheka, kisha akamwita mjukuu aje asikie.

Tahajia na matamshi. Kwa tahajia njia hii ni msaada mkubwa, ukijua kitu kimoja. Kilatini kilikuwa na makundi ya vitenzi. Vya kundi la -are vilizaa -abilis, vingine vilizaa -ibilis. Huhitaji kukariri makundi hayo. Mtafute ndugu wa neno anayeishia na -ation: akiwepo, andika -able, kama "application" na "applicable", "irritation" na "irritable". Ndugu akiwa na -sion, au -tion isiyotanguliwa na a, mara nyingi ni -ible: "division" na "divisible", "permission" na "permissible". Karani wangu wa Mtumba alifurahi, lakini nilimwonya palepale: "prediction" linazaa "predictable", na "sensation" lina ndugu "sensible". Kanuni hii ni fimbo ya kutembelea, ina nyufa zake. Kwa matamshi haisaidii chochote.

Gharama. Pesa si nyingi; kamusi kubwa huonyesha asili ya kila neno, na ukiwa na bando, kamusi za mtandaoni zinafanya hivyo bure. Muda ndio ghali. Asili moja inakuvuta kwenye nyingine, na saa inapita ukiwa umejifunza maneno manne.

Mtego. Asili haikupi maana ya leo. Anayejua kwamba "doctor" ni mwalimu bado hajui aende wapi akiugua. Zaidi ya hapo, Wafaransa waliharibu mpangilio: Kilatini kilitofautisha -ant na -ent, Kifaransa kikavisawazisha vingi kuwa -ant, Kiingereza kikapokea vyote viwili. Ndiyo maana tuna "student" na "servant" japo Kilatini kingewapa wote -ent. Na si kila mkia ni wa Roma. Mikia -ness, -ship, -hood na -ful ni ya Kiingereza chenyewe. -Ism na -logy ni ya Kigiriki. Anayeona Kilatini kila mahali atapotea.

Inamfaa mtu mwenye subira na anayependa hadithi, mwanafunzi wa sheria, tiba au theolojia, mwalimu, na yeyote ambaye hashiki jambo mpaka ajue kwa nini.

NJIA YA PILI: KUUPATANISHA NA KISWAHILI

Mzungumzaji wa Kiswahili amezaliwa fundi wa viambishi. Mtoto wa shule ya msingi anachukua piga, anakupa pigia, pigwa, pigana, pigisha, kisha mpigaji na pigo. Mswahili anayetishwa na -tion ni kama fundi seremala anayetishwa na msumari wa kigeni.

Maana. Mkia -or una mwenzake m- pamoja na -ji au -i: "inspector" ni mkaguzi, "actor" ni mwigizaji. Mkia -ity ni u- yetu: "equality" ni usawa, "humanity" ni ubinadamu. Mkia -ous, ambao kwa Kilatini ulikuwa -osus, kujaa kitu, ni -enye: "famous" ni mwenye sifa, "dangerous" ni yenye hatari. Mkia -ment mara nyingi hukaa vizuri na ma- pamoja na -o: "payment" ni malipo, "development" ni maendeleo, "agreement" ni makubaliano, na "amendment", linalosikika kila kikao cha Bunge kikiendelea hapa mjini, ni marekebisho. Kwa -tion jaribu u- na -ji. Zile tabia za viumbe hai zinakuwa upumuaji, uzaaji, na hata "growth" inaingia humohumo kama ukuaji.

Pacha wa kweli ni -able na kauli ya -ika au -eka. "Readable" ni kinachosomeka. "Audible" ni kinachosikika. Mtu wa Dodoma akionja maji ya kisima kipya, hasemi kwamba maji yana uwezo wa kunywewa. Anasema yananyweka au hayanyweki, basi. Hiyo ndiyo "drinkable". Neno hilo lina funzo la ziada, kwa kuwa "drink" ni Kiingereza cha asili na mkia ni wa Roma. Sisi tunabandika viambishi vyetu kwenye mizizi ya wageni, tunasema udaktari, udereva, uprofesa. Waingereza wakabandika viambishi vya wageni kwenye mizizi yao. Mwanafunzi akiliona hilo, anaacha kuogopa.

Tahajia na matamshi. Tahajia, hapana, Kiswahili hakiwezi kukuambia kama ni -tion au -sion. Ila kwenye mkazo kuna zawadi ambayo walimu wengi hawaitaji. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno ya -tion nayo, ukiihesabu -tion kuwa silabi moja, huweka mkazo palepale kabla yake. Kwa hiyo "education" na "respiration" mdomo wa Kiswahili unazipiga sawa bila kufundishwa. Zawadi hiyo inageuka kuwa kosa kwenye -ity. Huko mkazo unakaa silabi ya tatu kutoka mwisho, "humidity" mkazo ukiwa kwenye mi, "university" ukiwa kwenye ver, wakati sisi tunauvuta mbele kwa mazoea. Mweleze mtoto hilo mara moja, halafu mwache asikilize redio.

Gharama. Hakuna. Mzazi na mtoto wanaweza kuifanya kwenye daladala kutoka Nkuhungu hadi mjini, mzazi anataja neno la Kiswahili na mtoto anatafuta mwenzake.

Mtego. Mikia ya Kiingereza ina maana zaidi ya moja. "Publication" ni uchapishaji, lakini pia ni chapisho lenyewe lililopo mezani. "Government" si tendo la kutawala tu, ni wale wanaotawala. Mwanafunzi anayeshika jozi moja kama kanuni atatafsiri vibaya nusu ya gazeti. La pili ni kwamba Kiswahili kinanyambulisha kwa utaratibu, naye anadhani Kiingereza kitamtii vilevile. Nimesahihisha insha iliyoandika "arrivation". Kijana alikuwa na mantiki kamili: kuna "invite" na "invitation", kwa nini "arrive" isifuate? Lakini Kiingereza kimechagua "arrival", na hakina haja ya kumpa sababu.

Inamfaa anayeingia kidato cha kwanza, mzazi asiyejua Kiingereza lakini anataka kumsaidia mwanawe jioni, na mtu mzima aliyeanza kukata tamaa.

NJIA YA TATU: DAFTARI LA KOO

Unanunua kaunta buku, unachora safu nne: kitenzi, jina la tendo, mtendaji, kivumishi. Kila neno linalokusumbua katika masomo yako au kazi yako unalitafutia ndugu zake na kuwapanga. "Compete, competition, competitor, competitive". "Produce, production, producer, productive". Huulizi limetoka wapi, wala Kiswahili chake kina umbo gani.

Maana. Polepole, lakini kwa uhakika. Unachojifunza ni neno kama linavyotumika leo, kwenye kitabu chako mwenyewe. Neno usilowahi kuliona, njia hii haikusaidii sana mpaka daftari limejaa kiasi cha macho kuanza kuona mpangilio yenyewe.

Tahajia na matamshi. Kwa tahajia hakuna njia inayoizidi hii. Mkono unakumbuka. Tena safu nne zinaonyesha mashimo: chini ya "arrive" hakuna -tion, na kijana wangu angelijua hilo kabla ya insha. Zinaonyesha pia kwamba penye -tion mtendaji mara nyingi ni -or, "direction" na "director", "translation" na "translator", halafu zinakuonyesha wakorofi, "promotion" na "promoter". Matamshi yanategemea kama unasoma kwa sauti.

Gharama ni daftari, kalamu na dakika 15 kila siku. Hizo dakika ndizo zinazowashinda wengi, wiki ya tatu daftari linakuwa chini ya kitanda.

Mtego. Kukariri bila kuelewa. Kuna wanafunzi wenye daftari safi sana ambao hawawezi kukuambia kwa nini "competitive" ni sifa na "competition" ni jina.

Inamfaa mtahiniwa, mwandishi wa barua na ripoti za ofisini, na mtu mwenye nidhamu ya kila siku.

UCHAGUE KWA HALI YAKO

Kama mtoto ndiyo kwanza ameingia kidato cha kwanza na maana ndizo zinazomkwamisha, anza na Kiswahili. Wiki mbili za jozi, -or, -able, -ity, -ment, -tion, zinatosha kumtoa woga. Usimpe Kilatini bado, labda hadithi moja ya trekta ili atabasamu.

Kama ni kidato cha nne na mtihani uko mlangoni, chukua daftari, na ulijaze kwa maneno ya karatasi za miaka iliyopita tu. Asili za maneno zisubiri likizo.

Kama unafanya kazi ofisini na tatizo lako ni tahajia, changanya: kanuni ya -ation na -able kutoka njia ya kwanza, na orodha fupi ya wakorofi wako mwenyewe kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na kompyuta. Karani wa Mtumba alibandika maneno 11. "Responsible" lilikuwa la kwanza.

Kama uko chuoni, hasa kwenye sheria au tiba, Kilatini kitakulipa kuliko kingine chochote, maana istilahi zako nyingi zimejengwa nacho pamoja na Kigiriki. Ila usiache daftari.

Kama wewe ni mzazi na Kiingereza chako ni kidogo, usijiondoe. Una Kiswahili, na wengine nyumbani mna Kigogo au Kirangi, lugha zenye viambishi vingi vilevile. Muulize mtoto: hiki kinachosomeka, mwalimu wenu anakiitaje? Akikujibu "readable", muulize na kinacholika, na kinachofulika, na kinachobebeka.

Na kama umeshajaribu njia moja kwa mwezi mzima na neno bado linakukimbia, badilisha njia kwa neno hilo moja tu. Yule mtoto wa tabia saba, mamake aliniambia, alizielewa sita kwa Kiswahili. "Excretion" ilikataa. Nikamweleza kwamba ni Kilatini, kuchuja na kutoa nje, ex- ni nje, na akaenda kuiandika kwenye daftari lake chini ya jozi zingine, akaongeza mwenyewe, kwa penseli: "exit".